Mbwa Hafi Maji Akiona Ufuko: Mazoezi na Kuogelea kwa Mbwa Mchanga na Mbwa Mzima

Kasa alikuwa na umri wa miezi 5 nilipoanza kukimbia naye alfajiri kando ya barabara ya lami, kilomita 2 kwenda na 2 kurudi, na kwa muda wa majuma matatu niliamini kwamba ninamtendea wema. Ni mbwa wa aina ya Labrador, mwenye manyoya ya rangi ya mchanga mkavu, na katika umri ule alikuwa na nguvu nyingi hata kila kitu chenye miguu ndani ya nyumba yetu ya Nyali, mjini Mombasa, kuanzia kiti hadi meza ya chai, kilikuwa na alama za meno yake. Mtu mmoja niliyemheshimu kwa uzoefu wake wa kufuga mbwa wa ulinzi alinieleza kwamba dawa ya mbwa mharibifu ni kumchosha, nami sikuuliza zaidi. Asubuhi moja Kasa alifika kwenye ngazi mbili za baraza akasita. Alisimama akinitazama, mguu wake wa mbele wa kushoto ukiwa umeinuliwa kidogo, na nilipougusa karibu na kifundo aliuvuta polepole kisha akanilamba mkono.

Daktari wa mifugo alimpiga picha ya eksirei, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha na kunionyesha mstari mwembamba mweusi uliokata mfupa karibu na ncha yake. Moyo wangu ulishtuka, kwa kuwa nilidhani naonyeshwa mpasuko. "Hapana, dada," aliniambia, "hapo ndipo mfupa unapokulia." Mguu haukuwa umevunjika. Misuli na kano zilikuwa zimechokozwa kwa kazi iliyozidi umri wake, na kama ningeendelea kwa miezi mingine miwili, alisema, huenda tungekuwa na mazungumzo ya namna nyingine.

Mstari ule ndio msingi wa yote nitakayoyaeleza hapa, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie niufafanue. Mifupa mirefu ya mtoto wa mbwa haijakamilika kuwa mifupa. Karibu na kila ncha kuna tabaka la gegedu, laini kuliko mfupa, ambalo hutengeneza mfupa mpya siku baada ya siku na kuusukuma urefuke, na kwenye picha ya eksirei tabaka hilo huonekana jeusi kwa sababu mionzi hupita ndani yake kwa urahisi. Mbwa anapokomaa gegedu hilo hugeuka mfupa na mstari hutoweka. Kwa mbwa wa aina ndogo jambo hilo mara nyingi hukamilika kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kwa mbwa wakubwa kama Labrador au mbwa wa Kijerumani wa ulinzi huweza kuchukua hadi mwaka na nusu. Na kwa wale majitu wenye uzito wa mtu mzima huelekea miaka 2. Katika kipindi chote hicho, sehemu dhaifu kuliko zote katika mguu ni lile gegedu, kiasi kwamba mshtuko ambao kwa mbwa mzima ungeteguza kano tu, kwa mbwa mchanga unaweza kuliumiza tabaka la ukuaji lenyewe. Likiumia upande mmoja, mfupa huendelea kukua upande wa pili peke yake na mguu hupinda. Hatari ni kubwa zaidi katika sehemu ya chini ya mguu wa mbele, ambako mifupa miwili imelala sambamba na hulazimika kurefuka kwa mwendo mmoja. Mmoja ukisimama, mwenzake huvutwa kama upinde.

Kasa alipumzishwa majuma manne. Alitoka nje kwa kamba fupi, dakika 10 asubuhi na 10 jioni, na muda uliobaki nilimpa kazi ya pua: nilificha vipande vya dagaa wakavu chini ya vifuu vya nazi uani, naye akavitafuta kimoja baada ya kingine kwa umakini mkubwa, kisha akalala. Hapo ndipo nilipoona kwamba mtoto wa mbwa huchoka akili kabla ya kuchoka miguu, na kwamba ule uharibifu wa viti, ambao nilidhani ni nguvu zilizokosa pa kwenda, mara nyingi ulikuwa uchovu wa kiumbe aliyenyimwa usingizi. Mbwa mchanga hulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Mimi nilikuwa namwamsha saa 11 alfajiri ili tukakimbie.

Watu wengi wanaofuga mbwa wanaijua hesabu ya dakika 5: kwamba mtoto wa mbwa atembezwe dakika 5 kwa kila mwezi wa umri wake, mara moja au mbili kwa siku, hivi kwamba wa miezi 4 apate dakika 20 na wa miezi 6 apate 30. Hesabu hiyo haikutokana na utafiti wowote, nami siichukulii kama sheria. Hata hivyo sijaitupa, kwa sababu inamkinga mbwa na bidii ya mwenye mbwa, na mimi ni ushahidi wa jinsi bidii hiyo inavyoweza kudhuru. Jambo la kuelewa ni kwamba inahusu matembezi ya kamba, yaani mwendo ambao sisi ndio tunaouamua, kwa kasi yetu na kwa umbali wetu, juu ya lami au saruji. Haihusu mchezo. Mtoto wa mbwa aliyeachwa huru kwenye mchanga hukimbia kidogo, husimama, hunusa gome la kaa, hulala kifudifudi, huinuka tena, na mwili wake ndio unaopanga. Akifungwa kamba na kuambiwa twende, atakwenda, hata kama mguu unauma, kwa kuwa hataki kuachwa.

Kuhusu tofauti hiyo upo utafiti, na ulinifariji nilipousoma. Watafiti wa Norwe waliwafuatilia mamia ya watoto wa mbwa wa aina nne kubwa, Labrador wakiwamo, tangu kuzaliwa, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2012. Walichunguza ule ugonjwa wa nyonga ambamo kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri katika kikombe chake, ugonjwa unaorithiwa lakini unaoweza kuzidishwa au kupunguzwa na malezi. Waliotumia ngazi kila siku katika miezi 3 ya kwanza walikuwa katika hatari kubwa zaidi, ilhali waliopata nafasi ya kucheza nje bila kamba, kwenye ardhi laini isiyo tambarare kabisa, walikuwa katika hatari ndogo zaidi. Kumfungia mtoto wa mbwa ndani kwa kuogopa kumuumiza si kumlinda, maana nyonga huundwa imara na misuli inayoizunguka, na misuli hujengwa kwa kutumika.

Hapa Nyali ardhi laini tunayo tele, mradi mtu ajue saa ya maji. Maji yanapokupwa, ufuo huacha uwanja mpana wa mchanga ulioshikana, mgumu kiasi cha kumwezesha mbwa asizame na laini kiasi cha kutomgonga. Ule mchanga mkavu wa juu, unaozama kila hatua, ni kazi nzito kuliko unavyoonekana. Dakika chache humchosha mbwa mchanga kama robo saa ya ardhi ngumu. Tangu alipopona, Kasa alilelewa kwenye mchanga wa chini. Mambo niliyomkataza hadi alipotimiza miezi 16 yalikuwa machache: kuruka kutoka kwenye gari, kukimbizana na mpira unaorushwa tena na tena ukimlazimisha kugeuka ghafla, kupanda na kushuka ngazi mbio, na kukimbia kando yangu au kando ya baiskeli. Kwa watoto walio wadogo zaidi kuna kizuizi kingine, nacho ni chanjo. Kabla ya kumaliza dozi zake, ambazo kwa kawaida hukamilika akiwa na majuma 16 hivi, hafai kunusa ufuo ambao kila mbwa wa mtaa amepita, kwa sababu virusi vya parvo, vinavyowaharisha na kuwaua watoto wa mbwa, hudumu muda mrefu kwenye udongo. Lakini pia kipindi cha kati ya majuma 3 na 14 ndicho anachozoea dunia. Mimi nilimbeba mikononi, akaona bodaboda, ngamia wa watalii, wauza madafu na mawimbi, bila kukanyaga chini.

Sasa niseme kuhusu mbwa wazima, na hapa naomba niruhusiwe kusema kwa uchungu kidogo. Katika mitaa yetu mbwa mzima mara nyingi ni mlinzi. Hufungiwa kibandani mchana kutwa, hufunguliwa saa 2 usiku azunguke ua, na alfajiri hurudishwa kibandani. Na mwenye nyumba husema kwa moyo mweupe kwamba mbwa wake anapata mazoezi kwa kuwa ua ni mkubwa. Nimewahi kuishi jirani na mbwa wa namna hiyo. Alikuwa amechimba njia kando ya ukuta, kina cha kiganja, kwa kwenda na kurudi palepale miaka nenda miaka rudi. Ua hauna harufu mpya. Baada ya juma moja mbwa anaujua wote, na kinachobaki ni kuzunguka kwa mnyama aliyefungwa. Dakika 30 za kutoka nje ya lango, akiruhusiwa kunusa kila nguzo kwa muda anaoutaka, zina thamani kubwa kwake kuliko ekari nzima ya nyasi anazozijua.

Kiasi kinachomtosha mbwa mzima hutofautiana kwa nasaba, umri na uzito, na tofauti hizo ni kubwa. The Kennel Club ya Uingereza, chama cha mbwa wa nasaba kilichoanzishwa mwaka 1873, humweka Labrador na mbwa wa Kijerumani wa ulinzi katika kundi la wanaohitaji zaidi ya saa 2 kwa siku, huku mbwa wadogo wa mapajani wakitoshwa na nusu saa. Simba, mbwa wangu wa pili, ni wa kienyeji, mwekundu, mwenye miguu mirefu na mkia uliopinda, na nilimchukua akiwa mzima tayari. Hakuna kitabu kinachomworodhesha. Mbwa wa kienyeji hawakuumbwa na chama chochote. Waliumbwa na mashamba, jalala na jua la hapa, na Simba hutembea kwa kubana nguvu, mbio ndogondogo zisizokoma, na kivuli kinapopatikana hukaa. Saa moja asubuhi na nusu saa jioni zilimtosha kwa miaka mingi. Kasa, kwa saa ileile, alikuwa bado anazunguka meza.

Nilijifunza kusoma dalili badala ya kutazama saa. Mbwa aliyepata cha kutosha hunywa maji, hulala, na jioni huamka akiwa mwepesi. Aliyepata kidogo hubweka ovyo, huchimba, hutafuna na kuruka kila mgeni. Aliyepita kiasi hulala vilevile, na ndiyo maana watu hudanganyika, lakini akiamka viungo vyake huwa vimekakamaa, hunyanyuka kwa mafungu mawili, nyuma kwanza kisha mbele au kinyume chake, na siku ya pili huchelewa kutoka mlangoni. Kosa linalowaumiza mbwa wazima wengi wa mjini ni kukaa siku tano bila kutoka kisha kukimbizwa kwa muda wa saa 3 Jumamosi. Misuli iliyolala siku tano haiwezi kukishika kiungo ipasavyo siku ya sita. Na baada ya kushiba mbwa apumzishwe kwanza, hasa mwenye kifua kirefu, kwa sababu tumbo lililojaa linaweza kujipindua, na tumbo likijipindua kinachofuata ni upasuaji wa haraka au kifo.

Uzito nao huamua mengi. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia Labrador 48 maisha yao yote, wawili wawili kutoka uzao mmoja, mmoja akila kiasi chake na mwenzake akila robo pungufu. Waliokula pungufu waliishi takriban miaka 2 zaidi, na maumivu ya viungo yaliwafikia wakiwa wamechelewa sana. Mbwa mnene hawezi kukonda kwa matembezi peke yake. Viungo vyake vitaisha kabla ya mafuta. Kumkondesha huanzia kwenye sahani, kisha ndipo miguu iongezewe kazi.

Ama kuhusu maji, Waswahili husema mbwa hafi maji akiona ufuko. Husemwa kwa mtu aliye taabani ambaye ameuona mwisho wa taabu yake, kwamba hatakata tamaa tena. Mimi nimeishi na methali hiyo kwa maana yake ya wazi, nami naiona kuwa kanuni bora ya uogeleaji wa mbwa: aone pa kutokea, na pa kutokea pawe panafikika. Mabwawa ya kuogelea ya majumbani yameua mbwa wengi wanaojua kuogelea vizuri, kwa kuwa kuta zake ni wima na ngazi ya chuma haimfai mnyama wa miguu minne. Mbwa huiona nchi kavu hatua mbili mbele yake, huparamia ukingo mahali alipoangukia, na huendelea kuparamia hapohapo hadi nguvu zimwishe. Mwenye bwawa na mbwa lazima amtoe kwa mkono kupitia ngazi za saruji, mara kumi, mara ishirini, siku nyingi, mpaka mbwa azijue hata gizani.

Si kweli pia kwamba kila mbwa anajua kuogelea. Wengi hupiga miguu wakitumbukizwa, lakini kupiga miguu si kuogelea. Mbwa mwenye pua fupi na kichwa kizito huzama mbele. Mwenye miguu mifupi na mgongo mrefu huchoka haraka. Mwenye mafuta kidogo, kama Simba, huzama nyuma. Labrador ni habari nyingine. Wahenga wake walitoka kisiwa cha Newfoundland huko Kanada, ambako walifanya kazi na wavuvi, wakivuta kamba za nyavu na kuokota samaki waliochomoka ndoanani katika maji baridi sana, na ndiyo sababu ana ngozi kati ya vidole, manyoya ya safu mbili yenye mafuta, na mkia mnene anaoutumia kama usukani. Nilipomsimulia hayo mzee mmoja mvuvi ambaye ngalawa yake hulala karibu na tunapotembea, alimtazama Kasa kwa muda mrefu. "Basi huyu ni mwenzetu," alisema, na tangu siku hiyo humwita baharia.

Kasa aliingia baharini kwa mara ya kwanza akiwa na miezi 7, miguu ikiwa imepona. Sikumtupa, wala sikumvuta. Niliingia mimi hadi magotini, katika dimbwi kubwa lililoachwa na maji ya kupwa, nikakaa chini, akaja mwenyewe. Siku ya kwanza alilowa tumbo tu. Siku ya nne miguu yake iliacha mchanga, nikamshika chini ya tumbo ili sehemu ya nyuma isizame, na baada ya dakika mbili nikamtoa. Mbwa anayeogelea vizuri huwa na mgongo ulio karibu sambamba na uso wa maji, na miguu ya mbele hufanya kazi chini ya maji bila kurusha matone. Ukiona nyuma imezama, miguu ya mbele inapiga juu ya maji kama anayepanda ukuta, na weupe wa macho umeonekana, amekwisha kuogopa au kuchoka, naye atolewe mara moja. Jaketi la kuokolea lenye mshikio mgongoni si anasa kwa mwanafunzi wala kwa mzee.

Watu hufikiri kuogelea ni mazoezi mepesi kwa kuwa viungo havigongwi. Kwa viungo, ndiyo. Kwa moyo, mapafu na misuli ya mabega, hapana. Binadamu akichoka hulala chali juu ya maji akapumua, mbwa hawezi. Akiacha kupiga miguu nyuma yake huanza kuzama, kwa hiyo hana pumziko mpaka afike mchangani. Kwa mbwa mchanga aliyekwisha kujifunza, dakika 3 hadi 5 kwa wakati mmoja, mara mbili au tatu zenye mapumziko kati yake, ni kazi kamili, nami siku hiyo humpunguzia matembezi. Mbwa mzima aliyezoea anaweza kufika dakika 10 kwa mkupuo mmoja. Siku moja nilijisahau, nikamwachia Kasa, akiwa na miaka 2, aogelee karibu saa nzima na watoto waliokuwa wakimrushia tufe. Kesho yake mkia wake ulining'inia kama kamba iliyolowa, hakuweza kuuinua wala kukaa sawasawa. Misuli ya mzizi wa mkia ilikuwa imechoka kupita kiasi, jambo linalojulikana sana kwa mbwa wa nasaba hii, na baada ya siku nne za kupumzika ulirudi. Nilisikitika kumwona akijaribu kunipungia mkia alipoamka, na mkia haumtii.

Bahari ina masharti yake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo anayetaka kuogelea na mbwa hawezi kushikilia saa moja ya saa ya ukutani. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanayotoka huvuta kwa nguvu kuelekea milango ya miamba. Mzee mvuvi alinionya mapema: "Mwanangu, mwache aogelee maji yakiingia. Maji yanayoingia humrudisha nyumbani." Tangu hapo hatuogelei maji yakitoka. Katika miezi ya kusi kali, Juni na Julai, mawimbi hukoroga mchanga na siku nyingi tunatembea tu. Karibu na miamba kuna vile viumbe vyenye miiba mirefu myeusi inayokatikia nyayoni, na msimu mwingine huja konyeza. Kinachonitia hofu zaidi ni bunju aliyetupwa ufuoni. Sumu yake haiondoki kwa kufa kwake wala kwa kukauka, na mbwa anayemla anaweza kupooza hadi kushindwa kupumua. Kasa alifundishwa neno "acha" kabla ya kufundishwa jambo jingine lolote, na nalifundisha upya kila mwezi kwa kipande cha nyama.

Chumvi nayo ihesabiwe. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na mbwa anayeokota mpira majini humeza kidogo kila anapofumbua mdomo. Kikombe kimoja kitamharisha. Maji mengi huweza kuuvuruga ubongo na kumwua. Nabeba lita 2 za maji matamu, nampa kila baada ya mkupuo mmoja, na badala ya mpira mnene natumia kipande bapa cha mpira wa tairi anachoweza kukibana meno bila kuachama. Nyumbani humwaga maji safi juu yake hadi ngozini na kumkausha masikio kwa kitambaa, kwa sababu masikio yaliyolala hushika unyevu na kuvimba ndani. Wanaokaa bara wasidhani maji yasiyo na chumvi ni salama zaidi: madimbwi yaliyotuama hubeba vijidudu vya mkojo wa panya vinavyoharibu figo na ini, na mito mingi ina mamba.

Kuna jambo moja linaloamua mazoezi ya mbwa wa pwani kuliko yote, nalo ni joto. Mbwa hatoki jasho ila kidogo kwenye nyayo. Hujipoza kwa kuhema, yaani kwa kuyageuza maji ya ulimi na koo kuwa mvuke. Hewa ya Mombasa ya Februari imejaa mvuke tayari, haina nafasi ya kupokea mwingine. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2, na likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mbwa wengi walioletwa kwa madaktari wakiwa wameathiriwa na joto hawakuwa wamefungiwa ndani ya gari, walikuwa wamefanyishwa mazoezi. Ikiwa ni hivyo katika nchi ya baridi, sisi tuna sababu zaidi ya kuwa makini. Kati ya Januari na Machi tunatoka saa 11 na nusu alfajiri, tunarudi kabla ya saa 1 na nusu, na jioni hatutoki mpaka nimeweka kiganja juu ya lami na kuweza kukiacha hapo. Ulimi ukipanuka nchani kama kijiko, mate yakawa mazito, mbwa akaanza kuyumba, amwagiwe maji mwili mzima papo hapo na apepewe, ndipo apelekwe kwa daktari. Kumbeba kwanza ili akapozwe huko mbele ni kupoteza dakika zile ambazo zingemwokoa.

Majirani wangu wengi ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, ambamo mate ya mbwa ni najisi na kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu anayetoka msikitini alfajiri na kanzu safi hastahili kurukiwa na mbwa aliyelowa. Kwa hiyo Kasa na Simba huwa kambani mpaka tupite mahali wanapopita watu, kisha Kasa hupewa kamba ndefu ya mita 10, inayomwachia uhuru wa kuchagua mwendo bila kumfikia asiyemtaka. Kwa njia hiyo hatujawahi kugombana na mtu ufuoni, na mzee mvuvi, ambaye hamgusi kamwe, humsalimu kila asubuhi.

Kasa sasa ana miaka 4 na Simba anakaribia 9. Nyonga za Simba zimeanza kukaza, na saa yake moja ya asubuhi imegawanywa kuwa vipindi vitatu vifupi. Hapendi kuogelea, na sijamlazimisha, lakini nimegundua kwamba anakubali kutembea ndani ya maji. Maji yanapofika usawa wa nyonga, miguu ya mbwa hubeba takriban asilimia 38 tu ya uzito wake, na bado misuli hufanya kazi ya kuyasukuma. Hospitali za wanyama za ng'ambo zina mashine za kutembelea zilizozamishwa majini kwa kazi hiyohiyo. Sisi tuna maji ya asubuhi. Jana yalikuwa yanaingia, bahari imetulia, na Kasa aliogelea mara tatu kwenda kwenye ngalawa ya mzee na kurudi, huku mimi na Simba tukitembea sambamba na ufuo, maji yakimfika nyongani, hatua polepole, dakika 12 kwa saa yangu, na yeye mwenyewe ndiye aliyegeuka kutoka. Tulipofika nyumbani alizipanda ngazi mbili za baraza bila kusita, akanywa maji, akalala mlangoni.